Bakuli la Katikati

Pale kiwandani kila mtu alimwita Pua, na aliyempa jina hilo ni mdogo wake mwenyewe, dada yake wa mwisho, enzi hizo bado anafutwa kamasi na watu wengine. Mtoto alikuwa ameficha pipi ndani ya soksi, soksi ndani ya kiatu, kiatu chini ya kitanda. Kaka mtu akaingia chumbani, akasimama, akavuta pumzi mara moja, akaenda moja kwa moja kwenye kiatu. Mdogo alilia, kisha akacheka, kisha akamwita Pua. Mama yao akamkanya: mkubwa wako huyo, mwite kaka. Hakumwita kaka siku ile wala miaka mingi iliyofuata, na Pua mwenyewe, ukweli usemwe, alilipenda jina lile kuliko heshima.

Jina likaja kumlisha. Kiwanda chenyewe msikikuze vichwani mwenu. Kilikuwa banda refu la mabati, mashine ya kusaga yenye kelele za mtu aliyedhulumiwa, mashine ya kuchanganya, stoo ya magunia, na nyuma kabisa jiko lenye pipa la chuma la kuzungusha kwa mkono. Humo ndimo ilimokaangwa soya kabla ya kusagwa iwe chakula cha kuku. Maana soya mbichi ina ubaya wake. Ndani yake mna kitu kinacholifunga tumbo la kuku, na kitu hicho hakimwogopi yeyote isipokuwa moto. Ukiitoa pipani mapema, kifaranga atakula ashibe na bado akonde. Ukiichelewesha ikaungua, nguvu yake imekwenda na moshi. Kati ya ubichi na kuungua pana nafasi nyembamba. Tajiri aliwahi kununua kipimajoto cha kuitafuta nafasi hiyo, kikafa kwa moshi, na hakuna aliyekililia, kwa sababu Pua alikuwepo. Alifungua kimlango cha pipa, akachota punje kwa upawa, akanusa. Soya mbichi hunuka majani yaliyokatwa sasa hivi. Halafu majani yanaondoka, harufu inatulia kidogo, ndipo inakuja ile ya karanga. "Bado," alisema Pua, akazungusha tena. Akachota, akanusa. "Toa." Na ikitolewa, imeiva.

Huyo Tajiri ndiye mwenye kiwanda, na waliompa jina hilo walikuwa wamewahi kulisukuma gari lake liwake. Lakini alijua kutambua mali. Mteja mpya akija, alimpeleka nyuma kuona mchezo wa kitambaa. Pua alifungwa macho, mikono akaiweka mgongoni, na mbele yake mezani yakapangwa mabakuli matatu ya soya iliyosagwa: moja mbichi, moja ya nusu moto, moja iliyoiva. Aliinama, akanusa, akalionyesha kwa kidevu lililoiva. Hakuwahi kukosea. Wateja walicheka, wakaagiza magunia, na Tajiri akampiga Pua begani kama mtu anayempapasa ng'ombe wake wa maziwa.

Yule mdogo wake akakua, akaenda kusomea chakula cha mifugo, akarudi na koti jeupe, akaajiriwa palepale. Wafanyakazi walimwita Daktari, ingawa hata jogoo mmoja hajawahi kumdunga sindano. Yeye ndiye aliyeuleta unga. Ulikuwa unga mweupe, mwepesi, unaokaa kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, na kwa kuwa wote waliuita dawa, alichoka kuwasahihisha. "Si dawa, ni kimeng'enya," alisema. Akawaeleza kwamba ndani ya soya, hata iliyoiva, kuna chakula kilichofungiwa ndani ya kuta ambazo tumbo la kuku halina kitu cha kuzivunjia. Kuku anapewa ghala lakini hapewi ufunguo, na kimeng'enya ndicho ufunguo. Kikitiwa kwenye chakula, kuku anapata zaidi kutoka kwenye soya ileile, kinyesi kinakuwa kikavu, banda halinuki. Akaweka na masharti yake mawili. La kwanza, kisitiwe soya ikiwa na joto, kwa sababu joto linakiua. Isubiriwe ipoe kabisa. La pili alilisema huku anamtazama Pua na kutabasamu: unga haukaangi. Kazi ya moto inabaki kuwa ya moto.

Pua aliitikia kwa kichwa. Kitu gani cha kuuliza hapo? Moto ulikuwa mikononi mwa nani?

Daktari alikuja pia na kichupa kidogo chenye maji ya rangi ya chungwa. Pua alikiona kwenye droo yake akauliza ni cha nini. Ni cha kupimia soya, alimwambia. Unadondoshea kwenye soya iliyosagwa, na kama ni mbichi inatoa madoa mekundu, kama imeiva inabaki kama ilivyo. Kisha akaisukuma droo kwa goti ikafunga. "Hicho ni cha watu wasio na Pua," alisema. Wakacheka wote wawili. Kichupa kikakaa humo na kizibo chake hakijawahi kukatwa, kwa kuwa kukifungua kungekuwa kumpima kaka yake, na mtoto aliyelelewa hampimi mkubwa wake.

Mambo yakawa mazuri. Vifaranga wa wateja walinenepa, maranda ya bandani yakakaa makavu, na Daktari akawa anapita kiwandani anaimba. Tajiri akaanza kusema "unga wetu." Ndipo Pua akapatwa na mafua.

Yalikuwa mafua ya kawaida, ya kulala kitandani na kuoneana huruma na mto. Yalipoondoka, yaliondoka na harufu zote. Asubuhi ya kwanza kazini alifungua kimlango, akachota, akanusa, akasubiri. Hakuna kitu. Alihisi joto la punje usoni, alihisi mvuke ukipanda, lakini ndani ya mvuke hamkuwa na majani wala karanga. Akajiambia pua imeziba, kesho itazibuka. Akapenga. Akavuta mvuke wa maji ya moto chini ya shuka. Akalamba pilipili, ikamwasha ulimi kama moto usiokuwa na ladha. Kesho ilikuja na nyingine nyuma yake, na pua ilikuwa wazi kabisa, hewa inaingia na kutoka bila kikwazo, tupu.

Mkewe ndiye aliyegundua, na hakugundua kwa kuambiwa. Alikwenda kuanua nguo nje akamwacha Pua sebuleni, mlango wa jikoni wazi, maharage jikoni. Aliporudi nyumba imejaa moshi wa sufuria iliyokauka, na mume wake amekaa kwenye kiti chake anakata kucha. Yule mtu aliyekuwa akimwambia kutoka getini kwamba chumvi imezidi! Mke alizima jiko, akasimama na kitambaa mkononi. Hakugomba. Alimuuliza tangu lini, naye akajibu, tangu mafua. Akamuuliza kama kiwandani wanajua.

"Itarudi," alisema Pua.

"Sikukuuliza kama itarudi."

Akamwambia amweleze mdogo wake, huyo ni damu yake, hatamcheka. Pua akasema atamweleza. Aliogopa, na si kuchekwa alikokuogopa. Aliogopa kuitwa kwa jina lake na asiwe na cha kuitikia. Mtu mwingine akipoteza pua amepoteza pua tu. Yeye angebaki nani pale jikoni, mzungusha pipa? Pipa hata mlevi analizungusha.

Basi akawa anakisia. Alitazama rangi, lakini kwenye moshi wa lile banda rangi zote ni kahawia. Alitafuna punje, ikavunjika, akasema labda. Na kila alipokisia alikisia upande uleule, kwa sababu soya ikiungua inaonekana, inakuwa nyeusi na Tajiri anapiga kelele, lakini soya mbichi haipigiwi kelele na mtu. Kwa hiyo aliitoa mapema kidogo. Kesho yake mapema kidogo tena.

Na hapa ndipo palipo na kosa lake hasa, maana kupoteza harufu si kosa. Alijifariji kwa ule unga. Alikuwa ameyasikia yale masharti mawili, angeweza kukutajia hata ukimwamsha usingizini. Lakini mtu mwenye hofu huchagua cha kukumbuka. Alijiambia: si umeletwa kuwasaidia kuku kusaga soya? Basi moto ukibakisha kidogo, unga utamalizia. Siku ambazo moyo ulimsuta zaidi, alikwenda stoo na kuitazama ile ndoo, akaona imejaa, akapata nafuu. Alikuwa amemtwisha mdogo wake mzigo bila kumwambia autue wapi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Kifo kilikuja ndani ya boksi la sabuni.

Aliyelibeba ni Mama Pacha, mteja wa siku nyingi, mjane, aliyefuga nyuma ya nyumba yake pamoja na watoto wake wawili waliofanana kama vikombe. Aliliweka boksi juu ya mzani, katikati ya watu. Vifaranga waliokuwemo walipaswa kuwa na mabawa na ubishi. Walikuwa wadogo, manyoya yamesimama ovyo, nyuma wamegandamana na kinyesi cha majimaji. Wawili walikuwa wamekufa, na wengine walisimama juu yao kwa kukosa nafasi. Mama Pacha hakupandisha sauti. Alisema wanakula, tena wanakula sana, wanawe wanawajazia wao wenyewe kila wakitoka shule, lakini kila wanavyokula ndivyo wanavyopungua. Watoto wamemuuliza wamewakosea nini kuku. Amekuja kuuliza kiwandani, kwa kuwa yeye hana jibu.

Kumbe si peke yake. Waliokuwa wakisubiri magunia wakaanza kusema, mmoja banda lake limekuwa tope, mwingine mitetea yake imeacha kukua. Tajiri akageuka, hakumtazama Pua hata kidogo, akamtazama Daktari.

"Ni huo unga wako."

Daktari alijibu kama alivyofundishwa, hatua kwa hatua. Unga unapimwa kila siku kwa mizani. Unatiwa soya ikiwa baridi, yeye mwenyewe anaingiza mkono kwenye gunia kuhakikisha. Ndoo haijapigwa jua. Unga ni uleule uliowanenepesha vifaranga wa wateja hawahawa miezi iliyopita, vipi leo uwe sumu? Tajiri akasema hajui vipi, anachojua ni kwamba alikuwa akitengeneza chakula miaka yote bila unga na hakuna aliyewahi kumletea maiti kwenye mzani. Mama Pacha, aliyekuwa akisikiliza na mkono wake umo ndani ya boksi, akauliza swali lake la upole: na soya je, ilikaangwa vizuri?

"Soya inakaangwa na Pua," alisema Daktari.

Alilisema kwa namna mtu anavyosema jua huchomoza asubuhi. Pua alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, upawa mkononi, na sentensi ile ilimwingia vibaya kuliko tusi lolote. Angetukanwa angejitetea.

Tajiri akaona hapo pana njia ya kuwatuliza wateja. Akatangaza kwamba hawatabaki kubahatisha; kitambaa kipo, mabakuli yapo, wataona kwa macho yao kama moto wa kiwanda hiki una kasoro. Akaingia ofisini kuchukua makopo yake ya mchezo, yale aliyoyatunza na mifuniko yake tangu zamani, lenye soya mbichi, lenye nusu na lenye iliyoiva. Pua akasema yuko kazini, pipa lina moto. Tajiri akasema pipa lisubiri. Pua akasema mafua hayajamwisha vizuri. Watu wakacheka, walidhani ni maringo ya mchezaji anayetaka kubembelezwa. Daktari akamfunga kitambaa yeye mwenyewe, kama ilivyokuwa desturi tangu aajiriwe, akakaza fundo taratibu asimvute nywele, akamnong'oneza sikioni: "Waonyeshe, Pua."

Gizani mle Pua aliinama juu ya bakuli la kwanza akavuta pumzi. Hewa. La pili, hewa. La tatu akakaa nalo zaidi, kwa vile watu walikuwa wakimtazama na ilibidi afanane na mtu anayefanya kitu. Jasho likamtiririka nyuma ya masikio. Akafikiri kwamba akikosea, yote yatakwisha hapahapa bila yeye kufungua mdomo. Mabakuli yatasema kwa niaba yake. Karibu aombe akosee. Akanyoosha kidevu kwenye bakuli la katikati, kwa sababu asiyejua kitu hukimbilia katikati.

Watu wakapiga makofi.

Alisikia Tajiri akicheka kwa nguvu, na mtu fulani akisema huyu si binadamu. Mikono ya mdogo wake ikafungua fundo, na alipopata kuona, kitu cha kwanza alichokiona ni uso wake, macho yamelowa kwa fahari. Alikuwa amewageukia wateja anawaambia, "Si niliwaambia?" Na fahari hiyo ilikuwa bado imo usoni mwake wakati Tajiri alipofunga hesabu yake kwa sauti ya mtu aliyemaliza kazi. Moto hauna kosa. Mahindi ni yaleyale, dagaa ni walewale, chokaa ni ileile. Kilichobaki ni unga. Ndoo itoke leo, na aliyeileta atoke nayo.

Daktari alisimama akilitazama bakuli la katikati kama mtu anayejaribu kusoma maandishi madogo. Kisha akaanza kufungua vifungo vya koti, kuanzia juu. Alipofika cha mwisho akamsogelea Pua, akamshika kiwiko, na badala ya kulia akamfariji. Asijali, alisema, kazi zipo. Cha maana Pua amesalimika, maana yeye mwenyewe angeumia zaidi kama wangemshuku Pua. Watu walikuwa wameanza kutawanyika, Mama Pacha anakunja vifuniko vya boksi lake, na bado nafasi ilikuwepo ya kunyamaza na kwenda kuangalia pipa. Pua aliiona nafasi hiyo wazi kabisa, akajua pia kwamba akiipita leo ataishi ndani yake maisha yake yote.

"Sisikii harufu," alisema.

Tajiri akauliza nini.

"Sisikii harufu yoyote. Tangu nilipoumwa. Nimebahatisha hilo bakuli. Soya nimekuwa nikiitoa mbichi."

Mnajua kilichofuata? Hawakumwamini. Tajiri alitikisa kichwa kwa upole, karibu amhurumie, akasema damu nzito kuliko maji, anaelewa, hata yeye ana dada; lakini watu wazima hawa wameona kwa macho yao, asiwafanye watoto. Wengine wakaitikia. Na aliyekasirika kuliko wote alikuwa Daktari. Alimwambia asijitie doa kwa ajili yake. Alimwambia jina lake amelijenga miaka yote hii, hatakubali alivunje kwa huruma, yeye si yule mtoto wa pipi. Pua akarudia maneno yaleyale, na kila alivyorudia ndivyo yalivyozidi kufanana na uongo. Ule ushindi wake wa kubahatisha ulikuwa umesimama mlangoni kama bawabu, unazuia ukweli usiingie.

Ndipo alipokumbuka droo. Akaenda mwenyewe, akaifungua, akarudi na kile kichupa chenye maji ya rangi ya chungwa, akachota soya iliyosagwa asubuhi ile kutoka kwenye gunia lililo chini ya mashine, akaimwaga kwenye sahani nyeupe mezani. Akamwekea mdogo wake kichupa mkononi. Mdogo akakataa. Alisema hatampima mkubwa wake mbele ya watu.

"Mpime," alisema Mama Pacha kutoka nyuma. "Vifaranga wangu si watu wa kutetewa?"

Daktari akashusha pumzi. "Sawa," alisema. "Ili anyamaze." Akakata kizibo kwa meno.

Alidondoshea kwa mkono wa mtu anayekwenda kumtoa mwenzake kwenye aibu. Akatandaza unga wa soya kwa ncha ya kijiko ulowane. Watu wakajisogeza. Mwanzoni soya ilibaki ya manjano, na Daktari akaanza kuinua uso, tayari kusema mmeona. Halafu doa la kwanza likatokea pembeni, jekundu, dogo kama alama ya kuumwa na mbu. La pili. Kisha yakawa mengi, yakatambaa na kukutana, na sahani nzima ikaiva wekundu mbele ya macho yao.

Daktari alikirudisha kizibo kwenye kichupa, na kwa kuwa alikuwa amekikata hakikuziba, naye akaendelea kukikandamiza kwa kidole gumba. Hakumtazama Pua. Pua alitaka amtazame, hata kwa hasira, hata amtemee mate. Mama Pacha ndiye aliyemtazama. Alikuwa amelikumbatia boksi, na ndani yake vifaranga walilia vile vilio vyao vyembamba vya kuomba chakula, waliokuwa wamekula asubuhi hiyohiyo wakashiba.

"Ungesema tu, baba," alimwambia. "Nani angekucheka?"

Magunia yote yalirudishwa yakamwagwa, na soya nyingine ikakaangwa badala yake. Tajiri alipiga kelele siku ile hadi akakauka koo, lakini hakumfukuza mtu; huenda aliona kwamba na yeye alikuwa amewafundisha watu kuamini kitambaa. Makopo yake ya mchezo aliyatupa jalalani. Ndoo ya unga ilibaki, Daktari akarudishiwa koti lake, na Pua akaambiwa kwamba mikono yake bado ni mizima, azungushe. Kwa Mama Pacha waliosalimika walianza kuota manyoya polepole, lakini hawakuwahi kufikia kimo cha haki yao. Kipimajoto kipya kiliagizwa. Mpaka kifike, ilibidi awepo mtu wa kunusa.

Alikuja Daktari. Alikunja mikono ya koti, akasimama upande wa pili wa pipa, pale moshi unapopita. Pua alizungusha. Hapo kwanza aliona ni afadhali; walikuwa pamoja, kazi ni ileile, na alijiambia kwamba ndugu wakiushika moto pamoja, mambo mengine yatajipanga. Alitafuta la kusema akapata moja, kwamba kuni za leo ni mbichi, na mdogo wake akaitikia kwa adabu kwamba ndiyo, ni mbichi. Alitaka kumwomba msamaha tena. Alikuwa ameshaomba mara kadhaa, na kila mara alikuwa amejibiwa kwamba yamekwisha. Mke wake alimwambia mpe muda, aliyekutetea kwa moyo wote haponi kwa siku moja.

Akafungua kimlango. Akachota punje kwa upawa na kwa mazoea ya miaka akaupeleka puani mwake mwenyewe, akakumbuka, akaunyoosha ng'ambo ya moshi. Mdogo wake akainama, akafumba macho, akavuta pumzi taratibu. Alikuwa na namna ileile ya kukunja kipaji, wala Pua hakujua kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimwangalia kwa makini namna hiyo. Akafumbua macho. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu ile sahani, bila chuki, kwa heshima kamili, vile mama yao alivyotaka siku zote.

"Bado, kaka," alisema.

Pua akafunga kimlango, akashika mpini, akaendelea kuzungusha.